Winga Aliyekuwa Mwalimu wa Taifa Stars

Tangu mwaka 2024, ulipoanza kujengwa uwanja mpya wa kandanda huko Olmoti, mazungumzo ya mitaani hapa Kijenge yamebadilika. Kwenye meza za kahawa, kwa mafundi baiskeli na ndani ya daladala zitokazo mjini, hakuna asiyeijua idadi ya viti vya uwanja huo: viti 30,000. Wapo waliokwisha kujigawia viti hivyo kwa majina, na wapo waliokwisha kukadiria watauza sahani ngapi za chipsi siku ya mchezo. Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa Septemba 2023 uenyeji wa pamoja wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, Arusha nayo ilijiona imealikwa mezani, na ilikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Sisi hatuna neno la kuupinga uwanja. Lakini katika mazungumzo yote hayo ya saruji, nyasi na taa, limekosekana swali moja ambalo twaona ni wajibu wetu kuliuliza. Ni nani atakayewafundisha vijana watakaocheza humo? Swali hili limeturudisha kwa mtu mmoja aliyepita katika kandanda yetu kwa muda mfupi sana, akatuachia furaha moja kubwa na majuto kadhaa, kisha akaenda zake. Mtu huyo ni Ndugu Emmanuel Amunike wa Nigeria, winga wa kushoto aliyegeuka kuwa mwalimu.

Wengi wetu twamkumbuka kwa siku ya tarehe 24 Machi 1919 tu? La, twakosea hata kuhesabu kwa furaha: ilikuwa Machi 2019, na si miaka mia moja iliyopita, ingawa kwa mashabiki waliokuwa wakingoja ilikuwa kama karne. Siku hiyo Taifa Stars iliifunga Uganda mabao matatu kwa bila katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Simon Msuva, naye mchezaji wa pembeni, alifunga la kwanza. Erasto Nyoni akafunga la pili kwa penalti, na Aggrey Morris akapigilia la tatu kwa kichwa cha kazi. Kule Praia, Cape Verde na Lesotho zikatoka sare, na Tanzania ikafuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu zile za Lagos za mwaka 1980. Miaka 39 ilikuwa imepita. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa Lagos walikuwa wamekwisha kuwa na watoto wao wa kuwabeba mabegani uwanjani.

Lakini safari ya mtu huyu haikuanzia hapo, na tukitaka kujifunza chochote kwake hatuna budi kuifuata tangu mwanzo.

Amunike alizaliwa mwaka 1970. Alicheza kwao katika timu ya Julius Berger, kisha akaenda Misri kuichezea Zamalek, na alikuwa katika kikosi cha klabu hiyo kilichotwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1993. Mwaka uliofuata ndio uliomtia katika vitabu. Aprili 1994, mjini Tunis, Nigeria ilikutana katika fainali na Zambia, timu iliyokuwa imeundwa upya baada ya ile ya awali kuteketea katika ajali ya ndege karibu na Libreville mwaka mmoja tu kabla. Bara zima lilikuwa na huruma na Zambia. Zambia ikatangulia kufunga. Amunike akasawazisha, kisha akafunga la pili, na kombe likaenda Lagos. Katikati ya mwaka huo alifunga tena katika Kombe la Dunia kule Marekani, dhidi ya Bulgaria na dhidi ya Italia, na mwisho wa mwaka akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika. Mwaka 1996, katika fainali ya Olimpiki ya Atlanta, ni yeye aliyefunga bao la tatu lililoiangusha Argentina katika dakika za mwisho.

Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi kwa sifa maisha yake yote. Alitoka Sporting ya Lisbon akaenda Barcelona, na huko goti likamsaliti. Majeraha yakamkosesha Kombe la Dunia la 1998 na yakaufupisha uchezaji wake katika umri ambao wenzake walikuwa ndiyo kwanza wanakomaa. Winga bila goti ni kama mpiga zumari bila pumzi.

Wajuzi wa kandanda hupenda kusema kwamba walimu wazuri hutoka kwa walinda mlango na viungo, kwa kuwa hao huuona uwanja mzima mbele yao, na kwamba winga huuona nusu tu, kwani mgongo wake daima umeelekea chokaa. Sisi hatukubaliani sana na nadharia hii. Winga ndiye mchezaji anayesimama karibu zaidi na benchi. Husikia kila lawama ya mwalimu, hata zile zisizomhusu. Tena winga hujifunza mapema kungoja. Anaweza kukaa dakika ishirini asiguse mpira, kisha akatakiwa kufanya jambo moja tu, kwa usahihi, kwa mwendo wa kasi. Subira hiyo ndiyo kazi yenyewe ya ualimu.

Na Amunike alingoja. Hakurukia timu kubwa kwa kutanguliza jina lake. Alifundisha Saudi Arabia na kwao Nigeria bila makelele. Mwaka 2013 alikuwa msaidizi wa Manu Garba katika timu ya vijana wa Nigeria chini ya miaka 17 iliyotwaa Kombe la Dunia. Ndipo akakabidhiwa timu hiyo yeye mwenyewe, na Novemba 2015, kule Chile, akalitwaa kombe hilo tena kwa kuifunga Mali mabao mawili kwa bila. Mfungaji bora wa mashindano, kwa mabao 10, alikuwa kijana aitwaye Victor Osimhen, mtoto wa Lagos aliyekuwa akiuza maji barabarani kati ya magari. Miaka minane baadaye kijana huyo alitawazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika, taji lile lile alilokuwa amevikwa mwalimu wake mwaka 1994.

Twaomba wasomaji wetu wasiipite aya hiyo upesi. Mitaa ya Kijenge, Unga Limited na Ngarenaro haina upungufu wa watoto wanaouza maji, karanga na mayai ya kuchemsha kati ya magari. Kinachopungua ni mtu mwenye jicho, aliyefundishwa kuangalia, na mwenye uwanja wa kuwakusanyia.

Basi huyu ndiye mtu aliyekuja Tanzania Agosti 2018, kwa mkataba wa miaka miwili. Alianza kwa kishindo. Wachezaji kadhaa wa Simba walipochelewa kuripoti kambini kabla ya mchezo wa Uganda, aliwaondoa kikosini, majina makubwa kwa madogo. Nchi ikagawanyika: wengine wakasema ni kiburi cha mgeni, wengine wakasema hatimaye amepatikana mtu asiyeogopa klabu. Timu ikaenda Kampala ikarudi na sare ya bila kwa bila. Oktoba ikafungwa mabao matatu kule Praia, na siku chache baadaye ikalipiza kwa mabao mawili Dar es Salaam. Novemba ikafungwa bao moja na Lesotho, na siku hiyo ilionekana kwamba mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kama tulivyoeleza.

Kisha ikaja Misri, Juni 2019. Haifai kuficha yaliyotokea huko. Senegal ilitufunga mawili kwa bila. Kenya, jirani zetu, tuliwaongoza mara mbili, kwanza kwa bao la Msuva na baadaye kwa bao la Mbwana Samatta, nao wakatufunga matatu kwa mawili. Algeria, waliokuja kuwa mabingwa, wakatufunga matatu kwa bila. Michezo mitatu, mabao mawili ya kufunga, manane ya kufungwa, pointi hakuna. Wiki moja baada ya mchezo wa mwisho, mwezi Julai, mwalimu na Shirikisho la kandanda wakaachana. Alikuwa amekaa miezi kumi na mmoja.

Waliotaka aondoke walikuwa na hoja zao, na hatupendi kuzidharau. Timu iliyoongoza mara mbili dhidi ya Kenya haikupaswa kurudi mikono mitupu. Uteuzi wake wa wachezaji ulilalamikiwa tangu kabla ya safari. Mwalimu hulipwa ili ashinde. Hayo yote ni kweli.

Hata hivyo, twaona taifa lilimpima mtu huyu kwa mizani isiyokuwa yake. Kipaji kilichothibitika cha Amunike, kile ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya, kilikuwa kuwafundisha vijana. Na hebu tutazame kilichokuwa kikitokea nchini wakati ule ule. Aprili 2019, Tanzania iliandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Vijana wetu wa Serengeti Boys walifungua na Nigeria, wakapigana kiume, wakafungwa mabao matano kwa manne. Wakafungwa matatu na Uganda, kisha manne kwa mawili na Angola. Wakatolewa nyumbani kwao bila pointi. Mwalimu aliyepata kulitwaa Kombe la Dunia la umri huo huo, na nchi ile ile ya Nigeria, alikuwa wakati huo mwajiriwa wetu, mjini Dar es Salaam, akiandaa timu ya wakubwa kwa ajili ya Misri. Tulikuwa na fundi wa msingi, tukamwajiri apake rangi dari, kisha tukamfukuza kwa kuwa dari halikung'aa.

Hatusemi kwamba angekabidhiwa Serengeti Boys mwezi mmoja kabla ya mashindano, kwani hiyo isingekuwa haki kwa waliokuwa wameilea timu ile. Twasema kwamba katika miezi kumi na mmoja ile angeweza kuzungushwa mikoani. Angekaa siku tatu Mwanza, siku tatu Mbeya, siku tatu hapa Arusha katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mbele ya walimu wa shule na wachezaji wa zamani, awaeleze jinsi mtoto wa miaka 14 anavyotazamwa, anavyolishwa, anavyosubiriwa. Mkataba ukivunjika, elimu ingebaki. Badala yake alipoondoka aliondoka nayo yote, na mlango ukabaki wazi kwa mwingine. Wakafuata Etienne Ndayiragije wa Burundi, Kim Poulsen wa Denmark, Honour Janza wa Zambia na Adel Amrouche mwenye asili ya Algeria. Januari 2024, Amrouche alipofungiwa na CAF katikati ya mashindano ya Ivory Coast, ndipo timu ikashikwa na Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco, mwana wa Zanzibar. Walimu sita katika muda usiotimia miaka sita! Hata shule ya msingi haistahimili mabadiliko hayo.

Huyo Hemed Morocco, ndugu wasomaji, alipokabidhiwa timu iliyokwisha kufungwa mchezo wa kwanza, aliambulia sare na Zambia na sare na Kongo. Baadaye akaifikisha Tanzania katika fainali za 2025, na kwenye mashindano ya wachezaji wa ndani ya Agosti 2025 timu yake ikafika robo fainali. Kabla ya fainali za Afrika za mwishoni mwa 2025 timu ilikuwa mikononi mwa mgeni tena.

Hapa ndipo twapenda kumtaja Mzee Abdallah Kibadeni. Vijana wengi wa Kijenge wanaweza kukusimulia maisha ya Ryan Giggs, winga wa Wales aliyeichezea Manchester United michezo 963, akasoma ualimu wa kandanda hali viatu bado viko miguuni, na Novemba 2019 akaifikisha nchi yake fainali za Ulaya akiwa mwalimu. Wanayajua hayo kwa kuwa wameyatazama kwenye vibanda vya video. Waulize Kibadeni ni nani, nao watakutazama. Ndiye mtu pekee aliyefunga mabao matatu katika mchezo mmoja wa ligi baina ya Simba na Yanga, tarehe 19 Julai 1977, siku Simba iliposhinda sita kwa bila. Ndiye pia mwalimu aliyeifikisha Simba katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Walitoka sare ya bila kwa bila na Stella kule Abidjan, wakarudi Dar es Salaam nchi nzima ikiwa imekwisha kushona nguo za sherehe, wakafungwa mawili mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi.

Machungu ya siku ile yamewafanya wengi wasione lililo kubwa ndani yake. Klabu za Tanzania Bara zimefika fainali za Afrika mara tatu: Simba 1993, Yanga 2023 chini ya Nasreddine Nabi wa Tunisia, na Simba tena 2025 chini ya Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Zote tatu tulizikosa. Lakini ile ya kwanza, iliyofikiwa wakati hakukuwa na mamilioni ya udhamini wala mikataba ya televisheni, iliongozwa na Mtanzania aliyekuwa mchezaji wa klabu hiyo hiyo. Juma Mgunda, aliyekulia Coastal Union ya Tanga, aliivusha Simba mpaka hatua ya makundi mwaka 2022, na Januari 2023 akaletwa Mbrazili juu yake. Inaelekea kwetu mwalimu mzalendo ni kama tairi la akiba: hutolewa njiani pancha inapotokea, na hurudishwa nyuma ya gari mara fundi anapopatikana.

Hatusemi wageni wasije. Amunike alikuwa mgeni, na twamsifu. Wala uzalendo peke yake haufundishi krosi. Madai yetu ni madogo kuliko hayo, na yanahusu mkoa wetu.

Arusha iliwahi kuwa na timu za kutajwa. Wazee wanazikumbuka Ndovu na Pallsons. JKT Oljoro ilicheza ligi kuu tangu msimu wa 2011/12 hadi iliposhuka mwaka 2014, na kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo mkoa mzima, pamoja na watalii wake na mikutano yake, haukuwa na timu katika ligi hiyo. Wachezaji wa timu zile hawakuyeyuka. Wako hapa hapa. Wanaendesha bodaboda, wanauza vipuri, wanalinda mageti ya watu. Mmoja wao tulimkuta Jumamosi moja hapa Kijenge, jioni, katika kiwanja cha vumbi kisicho na nyavu, akiwa na watoto wapatao thelathini na mipira miwili, mmoja ukiwa umeshonwa. Alikuwa akimfundisha mtoto mmoja mwembamba, wa mguu wa kushoto, namna ya kutazama katikati kabla ya kupiga krosi. Alilirudia zoezi lile mara nyingi kiasi kwamba sisi tulichoka kabla yake. Hana cheti chochote cha ualimu. Alitueleza kwamba kozi iliyo karibu hufanyika mbali, kwamba ada, nauli na malazi vinazidi kipato chake cha mwezi, na kwamba akiondoka wiki mbili hakuna atakayemlishia watoto wake.

Ngazi ya kwanza ya vyeti vya CAF ni daraja D. Si elimu ya anasa. Ni kozi fupi inayoweza kuendeshwa mahali popote penye uwanja, ubao na mkufunzi. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid tunao, na twaona jina lake lenyewe latuhimiza. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abeid, aliyefariki mwaka 1964 akiwa waziri, alikuwa mshairi. Na mwaka 1954 alitoa kitabu cha kueleza sheria za kutunga mashairi, ili sanaa iliyokuwa ikirithishwa kwa mdomo ipate kujifunzwa na yeyote mwenye nia. Ni ajabu kidogo kwamba katika uwanja unaobeba jina la mtu huyo, maarifa ya wachezaji wetu wa zamani yanaachwa yafe nao.

Kwa hiyo tunatoa ombi kwa chama cha kandanda cha mkoa, kwa Halmashauri ya Jiji na kwa wale wote wanaojiandaa kuvuna fedha za 2027, hoteli zetu zikiwa za kwanza. Kila kata ya jiji ichague wachezaji wa zamani wawili. Ada yao ilipwe. Kozi ifanyike hapa hapa Arusha, jioni na mwisho wa wiki, ili mwendesha bodaboda aweze kuhudhuria bila kufunga kazi yake. Wakishahitimu, wakabidhiwe timu za shule za msingi, na wasiondolewe kwa matokeo ya mchezo mmoja au miwili. Gharama yake, ukilinganisha na gharama ya jukwaa moja tu kule Olmoti, haiwezi kumtisha mtu yeyote.

Na mwalimu yule wa kiwanja cha vumbi hapa Kijenge awe miongoni mwa wa kwanza kuandikishwa. Anapatikana kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Mpira wake wa pili unahitaji kubadilishwa.